Mwani Umsubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia inaitwa Sengeleka, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ipo, imechapwa vizuri kwa rangi saba, lakini haijazinduliwa, kwa hiyo imefungiwa kabatini na hakuna anayeruhusiwa kuitazama. Kama kuna jambo humu litakalowakumbusha nchi nyingine yoyote, basi tatizo liko kwenye kumbukumbu zenu. Nendeni mkapimwe.

Mimi ni Chambiko, mshereheshaji wa Wilaya ya Lwasi. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuwaambia watu wapige makofi lini na waache lini. Msiidharau. Sheria ya Uzinduzi ya Sengeleka inasema kwamba kitu chochote kilichojengwa, kilichochimbwa au kilichopandwa kwa ajili ya wananchi hakipo mpaka kizinduliwe na Mgeni Rasmi. Kifungu kinachofuata, ambacho wengi hawakisomi kwa kuwa kiko nyuma ya ukurasa, kinasema Mgeni Rasmi ni yule aliyetangazwa hivyo na mshereheshaji kwa kipaza sauti kilichowashwa. Hilo neno la mwisho liliongezwa baada ya waziri mmoja kuzindua soko zima huku kipaza sauti kimezimwa. Ilibidi nyanya zote zitolewe nje, soko lifungwe, na waziri aanze upya. Tangu siku hiyo vipaza sauti vyetu vina taa ndogo ya kijani, ili kusiwe na ubishi.

Sheria hii imetujengea nidhamu kubwa. Daraja la Mto Lwasi limekamilika zamani, la zege, lina hadi taa za barabarani. Limefungwa utepe mwekundu huku na huku, na sisi tunapita chini yake, ndani ya maji, viatu mkononi, tukilisifia kutokea chini. Wodi ya wazazi ina vitanda vya kupanda na kushuka ambavyo bado vimo kwenye nailoni zake. Wajawazito wanajifungulia barazani, wakivitazama vitanda kupitia kioo, na wakunga wanasema hilo linawapa moyo. Ndiyo maana watoto wengi wa wilaya yetu wanaitwa Baraza.

*

Juu ya mji wetu, kule mto unakotokea, kuna Shamba la Taifa la Ng'ombe. Hili lilizinduliwa, tena mara mbili, kwa hiyo lipo sana. Ng'ombe wa taifa wanakula vizuri, na wanachokula kinatokea upande wa pili. Kila asubuhi zizi linaoshwa kwa mpira, na maji yake, mazito kama uji wa ulezi, yanateremka mferejini mpaka mtoni.

Chini ya hapo, ng'ambo ya daraja, ndipo anapokaa Bi Namweta, mfugaji wa perege. Bwawa lake lilichimbwa na mumewe, marehemu Sekiondo, kwa jembe la mkono. Perege wa kwanza aliwaleta Sekiondo mwenyewe kutoka mbali, ndani ya ndoo, juu ya baiskeli, akisimama kila penye kijito kuwabadilishia maji. Sekiondo alifariki, perege wakaendelea kuzaliana.

"Sekiondo kabaki sehemu mbili," Bi Namweta alikuwa akisema. "Kaburini na bwawani. Kule kaburini hasogei."

Maji ya zizi yalikuwa yameshamwulia samaki mara mbili. Walikuwa wamebaki wazazi wachache tu, wa ukoo ule ule wa ndoo ya baiskeli. Wakifa hao, basi. Kwa hiyo Bi Namweta alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mtengeti, mtu mnene mwenye upole, na mimi nilikuwapo kwa sababu Mheshimiwa hapendi kuzungumza bila mtu wa kumpigia makofi.

"Mheshimiwa, maji ya ng'ombe yananiulia samaki."

"Hao ng'ombe ni wa taifa, Bi Namweta. Samaki ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi umeona mwenyewe tatizo lilipo."

Nilipiga makofi.

*

Hata hivyo serikali yetu ni sikivu, ila inachelewa kusikia. Baada ya muda wizara ilimleta Bwana Lupogo, mtaalamu wa mwani. Si ule mwani wa baharini. Huu wake ni wa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zikiwa nyingi maji yote yanageuka kijani. Alisimama mbele ya baraza la wilaya akaeleza kwamba uchafu wa zizi ni mbolea iliyokosa shamba. Ukiyaweka maji yale kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi, yakapigwa na jua na kukorogwa na gurudumu, mwani unakula ile mbolea yote, na maji yanatoka yamesafika.

Mkuu wa Wilaya alifikiri kidogo. "Kwa hiyo hawa mwani wako wanafanya kazi mchana kutwa, hawaonekani kwa macho, na hawalipwi mshahara?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sisi tunao wengi wasioonekana kwa macho," alisema kwa masikitiko, "lakini wa kwetu ni ule mshahara tu unaofanya kazi."

Bi Namweta alisimama kule nyuma, hajaitwa. "Na samaki wangu?"

"Mwani ukikomaa tunauvuna, mama," alisema Bwana Lupogo. "Tunauchuja kwa vitambaa, tunauanika, unakuwa chakula cha samaki. Maji yatakufikia masafi, na chakula juu. Sharti ni moja tu: uvunwe mapema na uvunwe mfululizo. Ukiachwa unajazana, wa chini unakosa jua, unakufa, unaoza. Kila ulichokula unakirudisha kwenye maji, na hewa ya samaki inakwisha. Hapo ni afadhali hata tungeacha ya ng'ombe yaende yenyewe."

"Kwa hiyo usipovunwa?"

Bwana Lupogo aliangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mwema na mwoga, namna ambayo serikali inaipenda kwa wataalamu. "Utavunwa, mama," alisema.

*

Mabwawa yalichimbwa, gurudumu likafungwa, mwani ukamwagwa kutoka kwenye madumu. Ulivyoota hata mimi nilishangaa. Wiki iliyofuata maji yalikuwa ya kijani kibichi cha kupendeza, na yale yaliyotoka mwisho wa bwawa la mwisho yalikuwa meupe kiasi kwamba ng'ombe mmoja wa taifa alitoroka zizini kwenda kuyanywa. Bwana Lupogo alikuja asubuhi na vitambaa vyake vya kuchujia, akakunja suruali.

"Simama hapo hapo!" Mkuu wa Wilaya alikuwa anakuja mbio, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. "Unataka kufanya nini?"

"Kuvuna, Mheshimiwa. Umekomaa."

"Kuvuna ni kutumia. Utatumiaje kitu ambacho hakipo?"

Vitambaa vilikunjwa vikarudishwa stoo. Iliundwa Kamati ya Maandalizi, chini yake kamati ndogo za chakula, mapambo, ngoma na zulia, na chini ya zulia kamati ya kukung'uta. Kutoka makao makuu alikuja Ofisa Itifaki, kijana nadhifu mwenye kanuni mkononi. Itifaki ya Sengeleka inatambua hafla za aina mbili tu: za majengo na za maji. Ofisa aliinama akachovya kidole.

"Ni majimaji," alisema. "Basi huu ni mradi wa maji."

Kila mtu anajua mradi wa maji unavyozinduliwa. Mgeni Rasmi anakata utepe, anafungua bomba, anakunywa kikombe kizima mbele ya kamera, kisha anamtwisha ndoo mama mmoja aliyeandaliwa, naye mama anacheka.

Bwana Lupogo aliinua mkono taratibu. "Samahani, afande. Haya ni maji ya kuoshea zizi. Hata yakisafika ni ya samaki na ya bustani, si ya kunywa."

"Yana bomba?"

"Lipo la kutolea, ndiyo."

"Basi kiitifaki yananyweka."

Mgeni Rasmi aliyepangwa ni Waziri wa Mifugo, Mheshimiwa Dakta Ngolombwe. Tarehe ilitajwa, maturubai yakafungwa, ngoma zikawambwa. Halafu tukaambiwa Waziri amebanwa: anazindua kituo cha polisi. Tarehe nyingine ikatajwa, akabanwa tena. Mara ya tatu tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa azindue Kiwanda cha Taifa cha Mikasi ya Kukatia Utepe, na hafla ilikwama kwa kuwa mikasi yote ya serikali ilikuwa imeshapelekwa kuyeyushwa kiwandani humo humo, na mipya haikuweza kutolewa kabla kiwanda hakijazinduliwa. Wataalamu wa sheria walikuwa wanalitafakari.

*

Wakati wanatafakari, mwani ulikuwa unaota. Ulitoka kijani kibichi ukawa kijani cheusi, ukawa mzito hata gurudumu likawa linaguna. Bwana Lupogo alikwenda ofisini akasema kwa sauti ndogo kwamba ukikaa hivi hivi utakufa.

"Uambiwe usubiri," alisema Mkuu wa Wilaya.

"Nani auambie, Mheshimiwa?"

Mkuu wa Wilaya alisimama, akavaa kofia. Tulikwenda wote mpaka ukingoni, viongozi, kamati zote na mgambo wawili. Nilimkabidhi kipaza sauti. Aliyakabili mabwawa, akakohoa, akasema:

"Itifaki imezingatiwa. Ndugu mwani. Serikali inatambua mchango wenu na inafurahishwa na kasi yenu. Lakini kasi isiyo na kibali ni utovu wa nidhamu. Kuanzia sasa naagiza kila mmoja wenu aache kuongezeka mpaka Mgeni Rasmi atakapofika. Atakayekaidi asije akamlaumu mtu. Nimeeleweka?"

Povu moja kubwa lilipanda kutoka chini, likapasuka. Mkuu wa Wilaya alilipokea kama jibu, na mimi nikaongoza makofi. Kwa usalama zaidi aliwaacha wale mgambo wawili ukingoni wakiwa na bunduki, wahakikishe mwani hauongezeki na wala haupunguzwi.

Bi Namweta alikuja kesho yake na ndoo na chandarua kikuukuu. Hakumsalimia mtu. Alikunja kanga, akaingia majini, akazamisha chandarua, akainua tope la kijani la kujaza ndoo nusu. Hapo ndipo mgambo walipomkamata. Kosa lake lilisomwa ofisini: kuzindua bila cheo.

"Bi Namweta, umejifanya Mgeni Rasmi," alisema Mkuu wa Wilaya, na kwa kweli alikuwa ameumia.

"Mimi nimejifanya mtu ambaye samaki wake wanakaribia kufa. Mheshimiwa, wewe umekula samaki wa Sekiondo. Umekuja kwangu Idi, umekuja Krismasi, umekula mpaka vichwa. Leo nakuomba ndoo tu za uchafu. Sikuombi kingine."

"Si uchafu tena huo. Ni mradi."

"Basi niachie niutoe mradi wako kidogo kidogo, hata hawatajua."

"Mwani wa serikali umehesabiwa."

"Na nani?"

Mkuu wa Wilaya alinitazama. Nilipiga makofi, maana sikuona msaada mwingine. Mwishowe, kwa huruma yake, alimsamehe kwa sharti moja. Kamati ilikuwa bado haijapata mama wa kutwishwa ndoo. Mama aliyepangwa mwanzoni alikuwa amepata mimba, akajifungua, na mtoto alikuwa ameanza kutembea. Bi Namweta achukue nafasi hiyo, na siku yenyewe acheke.

*

Waziri alifika, naomba nimshukuru kwa hilo. Kwa kipindi hicho mwani ulikuwa umekufa. Mabwawa yalikuwa ya kahawia, yana ngozi juu kama maziwa yaliyochemka yakaachwa, na harufu ilikuwa inatufikia mpaka sokoni. Kamati ya mapambo ilitandaza majani ya migomba juu ya maji yote, na kwa mtu aliye mbali, akifinya macho kidogo, ukijani ulirudi. Mgambo walipewa manukato ya kunyunyiza. Bwana Lupogo alivalishwa tai akaambiwa atabasamu.

Dakta Ngolombwe alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuchachatika kama mafuta ya kukaangia. Alipanda jukwaani, akaweka leso puani kana kwamba ana mafua, na akahutubia.

"Itifaki imezingatiwa. Ndugu wananchi, wapo wanaosema kinyesi ni kinyesi. Hao wametumwa! Sisi tumesema, katika Sengeleka mpya, hakuna kinyesi kitakachoachwa nyuma. Tutakwenda nacho! Mbele!"

"Makofi ya kilo!" nilisema, na makofi ya kilo yakapigwa.

Mkasi uliletwa juu ya mto wa kitambaa, mpya kabisa, wa kiwanda chetu, kilichozinduliwa hatimaye kwa kisu cha kuazima. Mheshimiwa alikata utepe wa bomba. Mkasi uliuma utepe na kuutafuna, ila haukuukata, mpaka Ofisa Itifaki alipousaidia kwa kiberiti. Kisha Bi Namweta, aliyeshonewa gauni la kitenge na kamati, alisogea na kikombe cheupe akafungua bomba. Bomba lilikohoa kwanza. Halafu likatoa.

Waziri alikiangalia kikombe. Kamera zilikuwa zinamwangalia Waziri.

"Mtengeti," alisema taratibu bila kufungua meno, "hii nini?"

"Ni maji, Mheshimiwa. Kiitifaki."

Asingekunywa, mradi usingekuwapo, na wizara nzima ingeulizwa mabwawa yasiyokuwapo yamechimbwa vipi. Nilimwona anahangaika, na nilimhurumia. Lakini hakufika pale alipofika kwa kukosa akili. Aliondoa leso, akatoa tabasamu pana.

"Ndugu wananchi! Haiwezekani kila siku tukanywa sisi viongozi, akina mama wanatutazama. Serikali hii inathamini mwanamke! Kwa hiyo leo, kwa mamlaka niliyonayo, namkaimisha mama huyu awe Mgeni Rasmi. Mshereheshaji, tangaza!"

Niliangalia taa. Ilikuwa ya kijani. "Kaimu Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Bi Namweta! Makofi!"

Bi Namweta alishika kikombe, akaniegemea. "Chambiko," aliniuliza chinichini, "nikinywa, wanavuna?"

"Ukinywa, mama, mradi utakuwapo. Ukiwapo unatumika."

Alikunywa. Sisemi alionja, alikunywa chote, macho wazi, na kwa kuwa nilikuwa nimesogeza kipaza sauti karibu, wilaya nzima ilisikia koo lake. Alipomaliza alininyang'anya kipaza sauti.

"Lupogo! Toa hiyo takataka humo ndani!"

Ndiyo hotuba fupi kuliko zote katika historia ya nchi yetu, na naona aibu kwamba ilinikuta sijajiandaa kwa makofi. Bwana Lupogo alivua tai, akaingia bwawani na viatu. Waziri alikuwa ameshaingia garini, msafara umeshaondoka kwenda kula penye hewa, na katika haraka hiyo hakuna aliyekumbuka kuufuta ule ukaimu.

*

Ndipo alipotokea Bi Tuzo, jirani yake Bi Namweta, anahema, amelowa mpaka kifuani kwa kuvuka mto.

"Dada, samaki wanatoa midomo juu! Maji yamebadilika tangu asubuhi, yananuka!"

Bwawa lililooza lilikuwa limefurika mferejini wakati sisi tunatandaza majani ya migomba. Bi Namweta alikimbia. Alikwapua ule mkasi pale kwenye mto wa kitambaa akateremka nao barabara nzima, na mimi nikamfuata na kipaza sauti, kwa sababu Mgeni Rasmi hawezi kutembea bila mshereheshaji. Watu walitufuata sisi. Alipofika mtoni hakuteremka majini. Alikwenda moja kwa moja darajani, akatia mkasi kwenye utepe. Mkasi wa taifa ukatafuna, ukatafuna. Akautupa mtoni, akaukata utepe kwa meno.

"Ndugu wananchi," nilisema huku nikitweta, "Daraja la Lwasi!"

Tulipita juu. Naomba niseme kwamba ni daraja zuri sana. Watu wengi walivua viatu kwa mazoea kabla ya kulikanyaga, na mzee mmoja alipandisha suruali mpaka magotini.

Tulipofika bwawani perege walikuwa wanafungua na kufunga midomo juu ya maji, mmoja mmoja wanalala ubavu. Bi Namweta aliingia na gauni la kamati mpaka kifuani. Aliwainua kwa mikono miwili, aliwapitisha mbele na nyuma majini wapate hewa, aliwaita. Hawakuwa na majina, aliwaita tu. Kila aliyemwacha aligeuka tumbo juu. Walikufa wote, wale wazazi wa mwisho wa ndoo ya Sekiondo, mbele ya watu waliovaa nguo za sherehe.

Jike moja kubwa lilikuwa limefumba mdomo. Wengine wote walikufa midomo wazi, hili lilikuwa limefumba kabisa. Bi Namweta alilitazama, akamwambia Bi Tuzo alete beseni na maji ya kisima, upesi. Perege jike hulea watoto wake mdomoni, na hili lilikuwa limewafungia humo mpaka mwisho. Alilifungua taratibu kwa kidole gumba juu ya beseni. Vikatoka vitoto, vyembamba kama punje za mchele, vingine havitikisiki, vingine vikaanza kuogelea.

Bi Namweta alikaa chini kwenye tope akalia. Alilia kwa sauti, kama siku ya msiba wa Sekiondo. Nilizima kipaza sauti.

*

Kile kikombe kilimrudia. Siku iliyofuata tumbo lilimkata, akapelekwa hospitali, akalazwa barazani, maana wodi nyingine zilikuwa zimejaa. Pembeni yake alikuwa msichana mmoja mwenye uchungu wa uzazi, anakitazama kitanda kupitia kioo. Mvua ilikuwa inaingia.

"Huyu kwa nini yuko nje?" aliuliza Bi Namweta, ingawa alijua.

"Utepe, mama," alisema mkunga.

Walinitumia mtu. Nilipofika Bi Namweta alikuwa ameshikilia tumbo kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine, na utepe ulikuwa tayari mdomoni. Niliwasha kipaza sauti, nikatangaza. Wakunga walipoteza muda kidogo kutafuta swichi ya taa, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuiona kwa upande wa ndani, lakini mtoto alizaliwa kitandani. Wakamwita Ndani.

Jioni Waziri alizungumza redioni. Ukaimu umefutwa, alisema, na vyote vilivyozinduliwa kwa meno havitambuliki. Utepe ulirudishwa darajani, watu wakawa wanainama wanapita. Ulirudishwa wodini pia, ila wajawazito walikataa kutoka, kwa hiyo taarifa ya wilaya ikaandika kwamba wodi haina mtu na baraza limejaa. Mabwawa ya mwani tu ndiyo yaliyoachwa, maana Waziri alikuwa ameshayasifu kwenye televisheni. Bwana Lupogo aliyasafisha, akapanda upya, na kila siku akavuna. Mwani uliokauka aliuweka kwenye magunia, na gunia la kwanza alilibeba mwenyewe begani mpaka kwa Bi Namweta, akaliweka mlangoni akaondoka bila kugonga.

Maji yalisafika. Bwawa la Sekiondo lilikuwa safi mpaka unaona chini, na chini kulikuwa na alama za jembe lake, na hapakuwa na kitu kingine chochote.

*

Vitoto vya perege vilikua. Beseni lilivibana, vikawa vinagongana, na kila siku viwili vitatu vinaokotwa vimekufa. Mchana mmoja Bi Namweta alijitwika beseni akaenda nalo bwawani. Alikuta mgambo, zulia, na utepe mwekundu umezungushiwa bwawa lote. Mkuu wa Wilaya alikuwa anasimamia upigiliaji wa kibao: BWAWA LA MFANO LINALOPOKEA MAJI SAFI, AWAMU YA PILI.

"Mheshimiwa, hili ni bwawa langu."

"Lilikuwa lako likiwa na maji machafu," alisema Mkuu wa Wilaya kwa upole. "Sasa ni mafanikio. Waziri atakuja kulizindua. Tarehe itatajwa."

"Hawa hawana hiyo tarehe. Angalia."

Aliteremsha beseni. Maji yalikuwa yamepata joto la jua. Vitoto vyote vilikuwa juu, vinafungua na kufunga midomo. Bi Namweta hakugombana tena. Alipiga magoti tu pale kwenye zulia, akawa anavipepea maji kwa kiganja, na watu walianza kukusanyika, kwa sababu kwetu panapowekwa zulia watu hukusanyika.

"Chambiko," alisema Mkuu wa Wilaya, "watangazie watawanyike."

Mimi ni mtu mtiifu, muulizeni yeyote. Niliambiwa nitangaze, na nilikuwa naelekea kutangaza. Lakini kipaza sauti kile kina mazoea yake, na mdomo wangu pia, umefanya kazi moja miaka yote hii. Nilikiwasha.

"Ndugu wananchi," nilisema, "itifaki imezingatiwa. Naomba tusimame sote tumpokee Mgeni Rasmi wetu wa leo, Mheshimiwa Bi Namweta, mjane wa marehemu Sekiondo. Makofi ya kilo!"

Watu walipiga makofi. Mgambo walipiga saluti. Mkuu wa Wilaya mwenyewe alishapiga makofi mawili kabla hajaiona mikono yake. Bi Namweta alinitazama mara moja tu, akainama akauma utepe, akaingia majini na beseni, akaliinamisha. Vitoto havikutoka mara moja. Vilijibanza ukingoni mwa beseni, vimezoea ukuta, kisha kimoja kikatoka, halafu vyote, na kwa kuwa maji yalikuwa safi tuliviona vinashuka mpaka kwenye alama za jembe.

Mkuu wa Wilaya alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kile kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Nikamwonyesha taa.